Mwanya wa Milimita Moja na Nusu: Njia ya Bunduki Ufipa

Barabara ya lami kutoka bandari ya Kasanga hadi Sumbawanga ina urefu wa kilomita 112. Inaanzia Ziwa Tanganyika, inapanda hadi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kisha inakata uwanda wa juu wenye mashamba ya mahindi, maharage na ulezi mpaka mjini. Siku hizi gari huimaliza asubuhi moja, na abiria akafika Sumbawanga soko halijafungwa. Karne moja na nusu iliyopita mzigo ulipanda huku kwa vichwa na mabega: nguo, shanga, waya wa shaba, vipipa vya baruti, na bunduki zilizofungwa mafungumafungu. Zilizoshuka ni pembe za ndovu, na watu waliofungwa.

Nimeifuata njia hiyo nikiwa na swali la kifundi. Kati ya chuma na chuma kinachokwenda ndani yake, paachwe nafasi kiasi gani? Watu wanaopenda bastola hubishana juu ya jambo hili bila kuchoka. Mmoja anaishika bastola, anaitikisa karibu na sikio, akisikia slaidi inalia juu ya fremu anaamua kwamba hiyo haina shabaha. Mwingine anasema bastola iliyokazwa sana itakuaibisha siku ya vumbi. Ni ubishi wa vijiweni, lakini hapa Ufipa ubishi huo una historia nzito, kwa sababu bunduki zilizopita hapa zilikuwa zimelegea kwa makusudi, na ulegevu huo uliamua nani akimbie, nani atawale na nani auziwe nini.

Kasanga na mizinga isiyolia

Wajerumani waliiita Kasanga Bismarckburg. Boma lao walilijenga kwenye rasi inayoingia ziwani, mahali ambapo mlinzi aliona chombo kikija kutoka kaskazini muda mrefu kabla hakijatia nanga. Magofu yake bado yapo. Aliyelichagua eneo hilo alifikiri kama mpiga shabaha: uwazi mbele, mwinuko nyuma, na maji pande nyingi.

Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha majini cha Uingereza kilifika hapa kikiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson. Huyu ndiye aliyesafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Ziwa Tanganyika kwa meli, reli na kukokotwa porini. Februari mwaka huohuo kikosi chake kilikuwa kimeizamisha meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann. Lakini mbele ya boma la Kasanga alisita. Aliona mizinga juu ya ngome, akageuza vyombo vyake. Usiku, Wajerumani na askari wao wakatoroka kwa njia ya maji, na wanajeshi wa Kanali Murray waliokuja kwa nchi kavu kutoka Rhodesia ya Kaskazini wakaingia ngomeni. Inasimuliwa kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Kisa hicho huchekesha, lakini kina somo. Silaha ina kazi mbili: kulenga na kutisha. Mzinga wa mbao hauna shabaha hata kidogo, na bado ulimrudisha nyuma mtu mwenye meli na mizinga ya kweli. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, bunduki zilizopanda njia hii zilifanya kazi ya pili vizuri kuliko ya kwanza.

Zilikotoka

Bunduki iliyopanda Ufipa katika karne ya 19 kwa kawaida ilikuwa gobori: mtutu mrefu, laini ndani, unaoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele. Za zamani zaidi zilikuwa za gumegume, zinazowashwa na cheche za jiwe. Zilizofuata zilitumia fataki. Nyingi zilikuwa masazo ya majeshi ya Ulaya. Uingereza, Ufaransa na wenzao walipohamia kwenye bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu katikati ya karne hiyo, maghala yalijaa silaha ambazo hakuna jeshi lililozitaka tena. Nyingine zilitengenezwa upya kwa bei ya chini katika miji iliyoishi kwa biashara ya Afrika, hasa Birmingham huko Uingereza na Liège huko Ubelgiji.

Lango kuu la bunduki hizo kwa upande wetu lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Kutoka Bagamoyo na bandari jirani zilikwenda Tabora, na kutoka Tabora njia moja iliteremka kusini, ikapita Ufipa na kuzunguka ncha ya ziwa kuelekea Itabwa, kwa Kazembe na Katanga. Mfanyabiashara Tippu Tip alikwenda Itabwa na mwaka 1867 akampiga Nsama, mtawala aliyeogopwa kuliko wote upande ule. Livingstone naye, katika safari yake ya mwisho aliyoianza Unyanyembe mwezi Agosti 1872, alipita kandokando ya ziwa katika nchi ya Wafipa akielekea Ziwa Bangweulu.

Ubelgiji haikuishia kuleta bidhaa tu. Agosti 1879 Cambier, ofisa wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II, alifika Karema, kaskazini mwa Ufipa kwenye mwambao wa ziwa, na kituo chenye ngome kikajengwa. Mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers, na kutoka hapo ukristo ukaenea Ufipa. Mji wa Liège tutakutana nao tena, kwa sababu uliotupa gobori ndio pia uliochangia kuizaa bastola yenye slaidi.

Ndani ya mtutu

Tuishike gobori moja mkononi. Tuchukue ile bunduki ya kawaida ya jeshi la Uingereza iliyotumika kwa zaidi ya miaka mia moja na ambayo nakala zake zilisambaa dunia nzima. Tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 19. Risasi yake, gololi ya madini ya risasi, ina upana wa milimita 17.5. Kati yake na ukuta wa mtutu kuna mwanya wa milimita moja na nusu.

Anayeishindilia anaisimamisha bunduki kitako chini. Anamimina baruti, anatia kipande cha karatasi au nyuzi za magome, anaangusha gololi, kisha anashika mdeki na kushindilia mpaka mkono uhisi kwamba mzigo umekaa. Anaweka baruti ya kuwashia au fataki mahali pake, anapandisha mtambo, anaelekeza. Hapo amekwisha kutumia nusu dakika au zaidi, na kama aliyekusudiwa ana mkuki na miguu mepesi, nusu dakika ni muda mrefu.

Baruti ikiwaka, gololi haitoki kwa mstari. Kwa kuwa haiujazi mtutu, inakwenda kama mlevi kwenye kichochoro: inagonga ukuta huu, inarudishwa kwenye ule, na upande inakotoka unategemea ukuta ilioupiga mwisho. Zaidi ya hapo, kila mgongano unaizungusha kwa namna yake. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza kwamba gololi inayozunguka hupinda hewani kufuata mzunguko wake. Kwa hiyo hata ikitoka ikiwa imeelekea sawa, bado yaweza kugeuka njiani, na risasi ya pili isigeuke kama ya kwanza. Mlengaji hawezi kufidia kosa ambalo kila mara ni jipya.

George Hanger, kanali wa Kiingereza aliyejua bunduki hizi vizuri, aliandika mwaka 1814 kwamba ikiwa haikutobolewa vibaya sana, bunduki ya askari yaweza kumpata mtu kwenye hatua 80, pengine 100. Aliongeza kwamba anayemlenga mtu kwenye hatua 200 ni sawa na anayeulenga mwezi. Hiyo ilikuwa bunduki ya jeshi, yenye risasi ya kiwandani na baruti nzuri. Gobori iliyokwisha kuuzwa mara nne kabla ya kufika Sumbawanga ilikuwa na bahati mbaya zaidi.

Wahenga wanatuonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Katika gobori, ufa uliachwa na fundi mwenyewe, na alikuwa na sababu. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi magumu, na sehemu yake hugandamana ndani ya mtutu. Baada ya risasi kadhaa tundu linapungua. Gololi iliyotoshea barabara asubuhi haiingii tena adhuhuri, labda kwa kuipiga nyundo. Jeshi linalopigana kwa mistari miwili na kufyatua kwa pamoja lilitaka askari aendelee kushindilia hata mtutu ukiwa mchafu, likaona bora kupoteza shabaha kuliko kupoteza moto. Ulaya ilikwepa mtego huu baadaye kwa risasi ya Minié ya mwaka 1849, yenye shimo kitakoni: inaingia ikiwa imelegea, kisha moto unaitanua ikaijaza mifereji ya mtutu. Uvumbuzi huo ndio uliozitupa gobori kwenye soko la Unguja.

Chuma cha Ufipa

Ukipanda kutoka Matai, nyanda zinafunguka, na miti inapungua. Katika maeneo mengi ya uwanda huu, na kwenye miteremko ya ziwani upande wa Nkasi, bado yapo masalia ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Wafipa waliyaita malungu. Ilungu lilijengwa kwa udongo, likapanda hadi mita tatu hivi, na chini lilizungushiwa matundu yenye mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Halikuhitaji mivukuto: urefu wake wenyewe ulivuta upepo kama bomba la moshi. Lilijazwa mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, likaachwa liungue kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kikahamishiwa kwenye tanuri dogo, kitengwe, ambako mivukuto ilitumika kukisafisha kabla hakijafika kwa mhunzi. Watafiti kama Bertram Mapunda wa Tanzania na Randi Barndon wa Norway wameandika kwa kina juu ya ufundi huu, ambao ulibakia hai hadi karne ya 20, jembe la dukani lilipouondoa sokoni.

Chuma hiki kililima Ufipa na kikauzwa nje yake. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyeongoza msafara wa Jumuiya ya Kijiografia ya London baada ya mkubwa wake Keith Johnston kufariki Juni 1879, alipita hapa mwaka 1880. Alifika kwa Mwene Kapufi, na aliwaona Wafipa kuwa watu wa jembe kuliko kabila lolote alilokwisha kulipitia. Aliona pia Ziwa Rukwa kwa mbali akalibandika jina la Leopold, jina ambalo halikudumu.

Hapa ndipo mwanya ulipogeuka kuwa faida. Bunduki yenye risasi inayokaza inamtaka mwenye nayo anunue risasi ya kipimo chake. Gobori haina ubaguzi huo. Katika bara zima la Afrika Mashariki, madini ya risasi yalipokosekana, wahunzi walifua vipande vya chuma, wakakata waya wa shaba, hata kokoto zikatumika. Chochote kilichopita mdomoni mwa mtutu kiliweza kutoka. Chuma si laini kama madini ya risasi, kinakwaruza ukuta wa ndani, na kila mwaka tundu linazidi kupanuka na shabaha kupungua. Lakini bunduki haikunyamaza. Silaha iliyotengenezwa Liège iliweza kuishi Ufipa kwa miaka hamsini bila kuagiza kitu kutoka Liège.

Fundi wa magari mjini Sumbawanga angelielewa jambo hili bila kuelezwa. Kifaa kinachokubali vipuri vya kubahatisha huishi muda mrefu kijijini kuliko kifaa bora kinachotaka kipuri cha asili.

Shabaha ya hatua ishirini

Kabla ya gobori, tishio kubwa la Ufipa lilitoka kusini na lilibeba mkuki mfupi. Wangoni wa Zwangendaba walifika hapa katika miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe alifia Mapupo, katika nchi ya Ufipa, karibu mwaka 1848. Baada ya kifo chake makundi yakagawanyika. Uwandani wakabaki watawala wa dola mbili zilizotokana na ukoo mmoja na kushindana, Nkansi na Lyangalile, huku kiti cha kale cha Milanzi kikiheshimiwa kwa mambo ya mila.

Kisha zikaja zama za rugaruga. Hawa walikuwa vijana wa vita wa kuajiriwa, wengi wao kutoka Unyamwezi, walioishi kwa gobori na nyara. Watawala Mirambo na Nyungu ya Mawe, wote waliofariki mwaka 1884, ndio waliowapa umaarufu. Upande wa Ufipa jina lililotisha ni la Kimalaunga, aliyejitwalia sehemu ya Lyangalile kwa nguvu ya bunduki hadi Wajerumani walipomwondoa katika miaka ya 1890.

Je, watu hawa walishindaje kwa silaha isiyolenga? Kwa kutojaribu kulenga mbali. Shambulio lilipangwa alfajiri, giza likiwa halijatoka, karibu na uzio wa kijiji. Bunduki zilitiwa marisau au vipande vya chuma badala ya gololi moja, na zilifyatuliwa pamoja kwa hatua ishirini au thelathini. Kwa umbali huo mwanya wa milimita moja na nusu hauna maana. Moshi ulitanda, watu wakakimbia, na kazi iliyobaki ilifanywa kwa kamba. Kwa anayelinda kijiji mambo yalikuwa kinyume: yeye ndiye aliyehitaji kumpiga adui akiwa bado mbali, kabla hajafika uzioni, na gobori haikumpa uwezo huo. Bunduki legevu ilimpendelea mshambuliaji wa usiku kuliko mlinzi wa mchana. Nadhani hilo linaeleza kwa nini wingi wa bunduki haukuwaletea watu wa nchi hii usalama, ingawa kila mwene alijitahidi kuzinunua.

Sheria ya mtutu laini

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu moja ya mkataba ilihusu silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, eneo lililofunika nchi yetu yote, uingizaji wa bunduki ulizuiwa, hasa zenye mifereji na za kisasa. Lakini kulikuwa na mlango ulioachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya usimamizi.

Tuitafsiri hukumu hiyo kwa lugha ya fundi. Mwafrika aliruhusiwa mwanya. Bunduki ambayo risasi yake inakaza, inazunguka vizuri na kufika hatua 300 ikiwa bado na shabaha ilikuwa ya serikali na askari wake. Ile inayocheza ilikuwa ya raia. Hesabu ni ileile ya Hanger. Mtu mwenye gobori anaweza kumfukuza nguruwe shambani, anaweza kumuua jirani yake, lakini hawezi kusimama mbele ya kikosi chenye bunduki za mifereji, kwa sababu atakufa kabla hajafika mahali ambapo silaha yake inaanza kufanya kazi.

Hata ndani ya jeshi la kikoloni ngazi ilikuwepo. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita vya 1914 na Mauser ya mwaka 1871, yenye mifereji na risasi ya milimita 11, lakini bado ikitumia baruti nyeusi. Ilikuwa na shabaha, ila kila ikilia iliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Walipoteka bunduki mpya za Waingereza na baadaye za Wareno walizitupa zile za zamani kwa furaha. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka kutoka Kasanga, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi zilikuwa za kuteka, za Waingereza na Wareno.

Slaidi inayocheza

Kutoka Sumbawanga njia ya zamani inaendelea mashariki. Kutoka Ntendo barabara inateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa kona kali hadi Muze, na hewa ya baridi ya uwandani inageuka joto la bonde la Rukwa. Kwenye mteremko huo nilisafiri na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, na nilipomtajia bastola zinazolia ukizitikisa akacheka.

"Kijana wangu, wewe unasikiliza sauti. Sauti haipigi mtu. Tazama mtutu, ukirudi unakaa wapi."

"Mzee, si slaidi ikicheza na mtutu nao unacheza?"

"Ikicheza juu ya fremu, acha icheze. Mtutu ukicheza ndani ya slaidi, hapo una tatizo."

Jibu hilo ndilo wataalamu wa shabaha wanalolitoa kwa maneno mengi. Katika bastola ya aina hii, slaidi ni ile sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi ikilia, ikatema ganda na kuchukua risasi mpya. Kilengeo cha mbele na cha nyuma vimefungwa juu ya slaidi. Mtutu nao, bastola ikiwa imefunga, umeshikwa na slaidi hiyohiyo. Kwa hiyo jicho linapopanga vilengeo, limeupanga na mtutu pamoja, na fremu iliyo chini ni kishikio tu. Slaidi ikilegea juu ya fremu kwa kiasi, macho, vilengeo na mtutu bado viko kitu kimoja.

Mambo hubadilika mtutu unapokosa kurudi mahali pake palepale. Chukua bastola ya Marekani ya M1911, yenye mtutu wa milimita 127. Mdomo wa mtutu ukihama sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka ulipokuwa kwenye risasi iliyotangulia, kwenye umbali wa mita 25 risasi itahama karibu sentimita mbili. Ukihama milimita nzima, ni karibu sentimita 20. Ndiyo maana mafundi wa mashindano, wanaobana reli za slaidi na kuzisugua mpaka ziteleze bila kulia, hutumia muda mwingi zaidi kwenye kola iliyo mdomoni mwa mtutu na kwenye meno yanayoufungia. Kuikaza slaidi kuna msaada, hasa kwa kuwa kitako cha mtutu hutegemea pini iliyo kwenye fremu, lakini msaada huo ni mdogo kuliko unavyosikika.

Tena upo upande wa pili wa hesabu. Machi 1911, kabla ya jeshi la Marekani kuipitisha, bastola hii ya John Browning ilifyatuliwa risasi 6,000 kwenye majaribio bila kukwama. Nafasi zilizoachwa kati ya sehemu zake zilisaidia mchanga, masizi na mafuta mazito yapate pa kwenda. Ni hoja ileile ya fundi wa gobori. Tofauti ni mahali ulegevu ulipowekwa: katika gobori ulikuwa kati ya risasi na mtutu, mahali pabaya kuliko pote kwa shabaha, katika bastola ya Browning ulihamishiwa chini, ambako hauigusi njia ya risasi.

Na Browning hakuianza slaidi na bastola hii ya Marekani. Bastola ya kwanza yenye slaidi kuuzwa kwa wingi ilikuwa yake ya mwaka 1900, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN kilichopo Herstal, kiungani mwa Liège, na jeshi la Ubelgiji likaipitisha mwaka huohuo. Yaani miaka kumi baada ya mkataba uliotiwa sahihi Brussels, mafundi wa eneo moja la Ubelgiji walikuwa wakiwatengenezea maofisa wa Ulaya silaha yenye ulegevu mahali salama, huku jirani zao wakiendelea kuwatengenezea Waafrika silaha yenye ulegevu mahali pabaya. Ujuzi haukukosekana, wala chuma. Wanunuzi tofauti walipangiwa vipimo tofauti.

Gobori haijafa

Rukwa imekuwa mkoa tangu 1974, na Katavi ukajitenga mwaka 2012. Katika mikoa yote miwili gobori bado zinaonekana, nyingine za ukoo, nyingine zilizofuliwa na mafundi wa vijijini kwa bomba la maji na springi ya baiskeli. Polisi huzionyesha mezani pamoja na pembe na nyama ya porini, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitofautishi gobori na bunduki ya kisasa: asiye na kibali ana kosa. Ni sawa iwe hivyo. Kwa hatua ishirini, bomba la maji linaua tembo na linaua mtu.

Ila tunapoisimulia historia ya Ufipa, tuiache ile kauli kwamba babu zetu walishindwa kwa kuwa hawakujua kulenga. Walikuwa na chuma chao, mafundi wao, na bunduki nyingi. Walichouziwa ni mtutu wa milimita 19 na risasi ya milimita 17.5. Tofauti hiyo ilianza kama uamuzi wa jeshi la Ulaya lililotaka kushindilia haraka, ikawa nafuu ya mfanyabiashara aliyetaka kumaliza ghala, na mwaka 1890 ikaandikwa kuwa sheria. Anayepima shabaha ya mtu aanze kwa kupima silaha aliyoruhusiwa kushika.